Chisense mu Klimatizeri

Mama Kapinga alikuwa na kitendawili kimoja chenye alipenda kutupia bamama ba soko ya samaki, pale Nchelenge, kila mara akipita na pochi yake mu kwapa.

«Niko na mapacha wawili,» anabaambia. «Mumoja analala ndani ku ukuta, mumoja nilimufukuza inje mu mvua. Wa inje akinyamaza, wa ndani anakosa pumuzi. Ni nani bale?»

Bamama banaangaliana. Mumoja alijaribu: «Mbwa na muntu wa nyumba?» Mwingine akasema: «Bibi mukubwa na bibi mudogo!» Soko yote ikacheka. Mama Kapinga yeye hakucheka. Aliangalia yule mama kuanzia ku kitambaa ya kichwa mpaka ku miguu yenye magamba ya samaki, kisha akatoa pumuzi ku mapua.

«Ni klimatizeri, nyiye bamama. Lakini mutaijulia wapi? Munazoea paka mbaula, jiko ya makala, na moshi.»

Na kweli, mu barabara yake yote hakuna mutu mwingine mwenye alikuwa nayo. Mutoto wake Ben, wa kazi ku mugodi kule Solwezi, njo aliileta: kasha moja nyeupe ndani, juu ku ukuta wa chumba cha wageni, kasha ingine kubwa inje nyuma ya nyumba, bomba katikati yao. Mu juwa kali inapuliza baridi. Mu mwezi wa sita, wakati upepo wa ziwa Mweru unaingia mpaka ndani ya mifupa, unabonyeza kifungo kingine, inapuliza moto. Hakuna makala, hakuna majivu, hakuna kukohoa.

Mwenye kuifunga ku ukuta alikuwa Gauthier. Alikuja na miwani nyeusi na hakuitosha hata ndani ya nyumba. Mama Kapinga alimujua tangu utoto: mama yake alikuwa anauzisha mikate ya mafuta kando ya barabara kule kwao Pweto, ng’ambo ya ziwa, nzi mbili bure kwa kila mukate. Leo mutoto wa nzi anapanda ku ngazi na kufundisha batu.

«Mama, angalia,» Gauthier akasema. Alifungua kifuniko ya ile kasha ya ndani, akavuta kitu sawa chujio ya chai, lakini pana. «Hii njo filtre. Inashika vumbi. Kila mwezi uzime umeme, uitoshe, uifule na maji na sabuni kidogo, uikaushe mu kivuli. Si mu juwa, Mama. Mu kivuli. Kisha uirudishe. Na usifunike mashini na kitu. Inavuta hewa hapa juu.»

«Donc miye, ku umri yangu, nifule mashini sawa vile kaputula ya mutoto?»

«Kaputula ukiacha kuifula, Mama, itanukia mwenye kuivaa peke yake. Hii itanukia nyumba yote.»

Ben akacheka. Mama Kapinga akabeba uso wake, akaupeleka mu jikoni, na mpaka Gauthier anaenda hakurudi kumuaga.

Ile juma akakaa chini na uzi na sindano ya krosheti. Kwa batu ya kwetu, nyumba yenye heshima haiache kitu uchi: televizyo iko na kitambaa yake, radio iko na yake, mugongo wa kiti iko na yake, hata termos. Sasa kitu ya bei kubwa kuliko vyote ikae uchi, juu ya vile Gauthier wa mikate alisema? Akaitungia kitambaa nyeupe yenye maua, yenye pindo za kuninginia mpaka chini. Wageni bakiingia, banasimama mu mulango, banaguna juu ya kushangaa. Alikuwa anapenda sana ile kuguna.

Mama ya Vanessa yeye hakuguna.

Vanessa njo bibi ya Ben. Mama yake, mutu wa hapa ku ziwa, batu bote banamuita Bana Vanessa, vile Babemba banaita mama kwa jina ya mutoto. Anakaa chini karibu na maji, mu nyumba ya matofali ya zamani, anauzisha chisense, vile visamaki vidogo sawa kidole cha mutoto, vyenye banakaushaka ku muchanga. Siku alikuja kuona klimatizeri, aliangalia ile kitambaa ya krosheti, akauliza polepole, na «mukwai» yake ya heshima:

«Bana Ben, mukwai, iko na baridi?»

«Nani eko na baridi?»

«Mashini. Naona mulimuvalisha.»

Kuanzia siku ile, Mama Kapinga hakuweza kusikia jina ya yule mama bila midomo yake kupinda. Alikuwa anamuita «mama wa muchanga». Anasema ukipita nyumba yake na macho ya kufunga, mapua itakuonyesha mulango. Na pourtant, pochi ya Mama Kapinga mwenyewe ilikuwa imejaa na feza ya chisense. Yeye pia alikuwa anainunua mu magunia na kuituma Kasumbalesa. Lakini yeye alikuwa anainunua amekaa ku kiti, batu bengine banabeba. Kwa hiyo, mu mawazo yake, yeye hakunuka.

Mvua ikafika. Ule mwaka ilinyesha bila huruma; juwa ikapotea sawa mutu mwenye kukimbia deni. Chisense ya bamama ikaoza ku muchanga, wakaimwangia bata. Mama Kapinga akakumbuka kitu: Gauthier alisema klimatizeri iko na kifungo moja ya kukausha hewa, ile yenye alama ya tone ya maji.

Akatosha kitanda mu chumba cha wageni. Akatandika mikeka chini, akafunga kamba na chandarua karibu na dari, juu sawasawa na mashini, akamwanga chisense ku mikeka na ku chandarua. Akabonyeza tone. Akafunga mulango. Kesho yake samaki zinalia mu mukono sawa majani makavu. Nchelenge yote haina chisense, Mama Kapinga eko nayo.

Bana Vanessa akaja mu mvua, na beseni mbili juu ya kichwa.

«Bana Ben, nisaidie, mukwai. Hii ya leo tu. Ikilala itaoza.»

Mama Kapinga alibaki mu mulango, hakusogea hata kidogo.

«Mashini hii haikaushe samaki ya kila mutu,» akasema. «Harufu itabaki mu nyumba.»

Bana Vanessa akaangalia nyuma ya bega yake, akaona ile chandarua yenye kujaa. Akageuka na beseni zake, mvua inaanguka ndani.

Wakati mvua ilikwisha, Mama Kapinga akafagia chumba. Akasugua chini na dawa ya choo, akarudisha kitanda, akapuliza manukato ku mapazia. Akarudishia mashini kitambaa yake. Juu hakuangalia. Kule juu ilikuwa kazi ya Gauthier, na yeye na maneno ya Gauthier hakukuwa udugu.

Sasa ikafika mwezi wa sita, na baridi yake, na mutoto.

Vanessa alizaa ku hospitali ya Mansa, mbele ya wakati. Mutoto mwanamuke, mudogo, masikio laini sawa ganda ya kitunguu. Banamuchunga kule mpaka akajua kunyonya. Siku ya kutoka, muganga mwanamuke akaambia wazazi: chumba yenye joto, hewa safi, na makala ya kuwaka karibu na mutoto hapana hata siku moja.

Mama Kapinga aliposikia neno ya makala, akapiga kofi ku goti. Mutoto wa kwanza anapelekwaka kwa mama ya mwanamuke; njo desturi ya hapa, na kule kwetu ni vile vile. Lakini mama ya mwanamuke eko na nini? Mbaula! Akapigia Ben simu asubui, akapiga tena mangaribi.

«Mutoto alale kwa moshi, Ben? Mu nyumba ya muchanga? Ile mashini ulininunulia ya kazi gani? Unizike nayo?»

Ben, mwenye kuchoka, akajibu: «Mama, sikia. Tutapita kwako kwanza. Kama chumba iko na joto na hewa safi, mutoto atabaki pale mpaka anenepe. Kama hapana, tunashuka kwa mama ya Vanessa. Njo mwisho.»

Kwa Mama Kapinga ilikuwa imekwisha, alishinda. Akanunua mashuka mapya. Akatunga kitambaa ingine ya mashini, nyeupe sana, na bata wadogo ku pindo, juu ya kukaribisha mujukuu. Usiku alikuwa anajiona amekaa mu kile chumba na mutoto ku mapaja, bamama ba soko banapita ku dirisha, na mama wa muchanga anabisha hodi kuomba kuona mujukuu wake.

Siku ya kufika, gari ya Ben ikasimama mbele ya nyumba, na Bana Vanessa alikuwa amekwisha kufika na miguu, chitenge mupya ku kiuno. Mama Kapinga akamusimamisha ku mulango.

«Viatu vibaki inje. Na mikono unawe pale ku beseni. Juu ya harufu.»

Bana Vanessa akatosha viatu. Akanawa mikono, moja, ingine, na katikati ya vidole, bila haraka. Akajipangusa ku chitenge.

«Nimemaliza, mukwai.»

«Nawa tena.»

Akanawa tena.

Bote bakaingia mu chumba. Vanessa akakaa ku kitanda na mutoto mu blanketi nyeupe, Ben akasimama karibu, Bana Vanessa ku mulango mahali alionyeshwa. Mama Kapinga akashika telekomande na vidole viwili, sawa padri anashika ostia. Kitambaa ya bata hakuitosha. Ilikuwa mupya, na alitaka waione. Tangu mvua kwisha, mashini haikuwaka hata mara moja.

Akabonyeza.

Mashini ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa sawa muzee. Kisha upepo ukatoka, mudogo, wa vuguvugu, sawa mutu anakupumulia mu shingo.

«Munasikia?» Mama Kapinga akasema. «Bila makala.»

Walisikia. Ben njo wa kwanza kukunja pua. Ile haikuwa harufu ya samaki ya leo, wala ya jana. Ilikuwa ya mvua yote, ilikuwa imelala mule, sasa imepashwa moto. Ikashuka juu ya kitanda, ikaingia mu mapazia, ikamaliza manukato. Na nyuma ya harufu vikafuata vitu vidogo vya kung’aa, moja moja, kisha vingi, vinaanguka polepole juu ya blanketi nyeupe sawa vile vikaratasi banamwangiaka bibi harusi. Mutoto akapiga chafya. Akapiga ingine. Vanessa akamufunika uso na mukono.

«Ni nini hii, Mama?» Ben akauliza.

«Ni... ni manukato ya ndani ya mashini. Kiwanda njo inaitia.»

Ben akapanda ku kiti, akavuta ile kitambaa ya bata. Pamoja nayo ikaanguka vumbi sawa manyoya ya panya, na chisense moja nzima, kavu, ikapiga ku sakafu ta!

Bana Vanessa akainama, akaiokota na vidole vyake vyenye kunawa mara mbili. Akaigeuza ku mwangaza.

«Bana Ben, mukwai,» akasema, «hii manukato iko na macho.»

Vanessa akaficha kinywa mu blanketi. Mabega yake yakatetemeka na kicheko. Mashini nayo, sawa inasikia haya, ikazimika yenyewe, taa moja nyekundu inapepesa. Ben akapigia Gauthier, akaweka simu ya kusikia bote.

«Taa nyekundu?» sauti ya Gauthier ikasema. «Filtre, Mama alikuwa anaifula?»

Bote bakaangalia Mama Kapinga. Yeye akaangalia dirisha.

«Ben, ndugu yangu,» Gauthier akasema, «kama kuko samaki ndani, miye niko fundi wa mashini, siko muvuvi. Mufule filtre kwanza. Kisha muniite.»

Ben hakupandisha sauti. Ingekuwa heri apandishe. Alisema tu: «Twende, Vanessa. Baridi inaingia.»

Pale ku mulango Bana Vanessa akafungua blauzi yake kidogo, akamuingiza mutoto mule, ngozi ku ngozi, vile bauguzi ba Mansa walimufundisha Vanessa, akamufunga na chitenge mupya. Kikabaki kichwa tu, na kofia yake. Akavaa viatu. Kisha akageuka.

«Bana Ben, na miye niko na kitendawili. Nyumba yangu haina umeme, haina makala, haina dirisha. Lakini mwenye kulala ndani anatoka jasho.»

«Bitendawili ya batu ya muchanga!» Mama Kapinga akajibu, na akafunga mulango. Akaufunga vibaya, ukafunguka tena, ikabidi aufunge mara ya pili wakati bale banamuona.

Asubui yake akazima umeme ku ukuta. Akapanda ku kiti, analaani Gauthier, na mama ya Gauthier, na mikate yake. Akafungua kifuniko. Filtre zilikuwa mbili. Alipozivuta, zilikuwa zimevaa kitu ya kijivu, nene, yenye mafuta, sawa blanketi ya mufungwa. Aliweza kuikunja.

Akazipeleka nyuma ya nyumba. Hakukuwa mahali pengine pa kufulia, na pale mahali kila mutu wa barabara anaona. Akamwanga sabuni, akachukua muswaki wa zamani, akaanza. Maji ikakuwa nyeupe, kisha kijivu, kisha sawa muchuzi. Paka ya jirani ikaja, ikakaa, ikangojea. Mama mumoja akaweka kidevu juu ya ukuta wa lupango.

«Mama Kapinga! Unapika?»

«Napika mulozi. Leta sahani yako.»

«Ni kitu gani ile?»

«Mutaijulia wapi?» akasema, lakini ile siku neno haikutoka na nguvu yake.

Akamwanga maji, akarudilia. Akamwanga, akarudilia. Wakati filtre zilianza kuonyesha mwangaza upande wa pili, akatafuta mahali pa kuzikausha. Kivuli, Gauthier alisema. Kivuli! Yeye mwenye kukausha tangu binti, mutu wa miwani amufundishe juwa? Akaweka moja ku bati yenye kuwaka na juwa. Akageuka kuchukua ya pili, akarudi: ya kwanza ilikuwa imekunja pembe yake moja juu, sawa mutu anamukunjia pua. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akazipeleka zote mu kivuli, polepole, sawa njo mahali alikuwa anaenda tangu mwanzo.

Gauthier akaja mangaribi, na miwani yake. Akapuliza dawa mu vile vyuma vyembamba vya ndani, akasugua na burushi laini, akatosha uchafu mu ile gurudumu yenye kupuliza upepo, akafungua mupira wa kutoshea maji. Mule ikatoka kitu sawa kamasi, Mama Kapinga akageuza uso. Inje, nyuma ya lile kasha kubwa, akatosha majani na gunia zenye kuegemezwa pale. Alipotaka kurudisha filtre, ile yenye kupinda ikakataa kuingia.

«Hii ilikaukia wapi, Mama?»

«Mu kivuli.»

«Kivuli ya wapi? Ya Jehanamu?»

Akaisukuma mpaka ikaingia na kelele. Akawasha. Upepo wa moto ukashuka, mwingi, mukavu, muzuri. Na ndani yake, mbali kidogo, kulikuwa bado mutu anakausha samaki.

«Harufu itatoka,» Gauthier akasema. «Uiwashe kila siku, ufungue dirisha, ufule filtre tena. Lakini mutoto wa vile, Mama? Hapana. Asubiri. Siku harufu itakwisha, yeye atakuwa anatembea na atakuja na miguu yake.»

Alicheka peke yake. Mama Kapinga alimulipa bila kumuangalia. Kisha akachukua ile kitambaa ya bata, akaifula, akaianika, akaifula tena.

Siku yenye alishuka kwa Bana Vanessa, upepo wa ziwa ulikuwa unavuta vitambaa ku kamba. Alipita kati ya muchanga wenye kujaa chisense, nguo ameinua na vidole viwili, anaruka huku na kule. Mu mulango akakuta beseni ya maji na sabuni. Bana Vanessa alikuwa amekaa ndani ku mukeka, mugongo ku ukuta, mutoto ndani ya chitenge.

«Mwaiseni, Bana Ben, karibu. Viatu vibaki inje. Na mikono, mukwai.»

Mama Kapinga akafungua kinywa. Akaona kile kichwa kidogo, kofia imesogea, nywele zimelowa na jasho ku paji. Mu nyumba hakukuwa moto wowote. Akafunga kinywa. Akanawa.

«Nimemaliza.»

«Nawa tena.»

Akanawa tena, na katikati ya vidole. Kisha akaingia, akakaa chini ku mukeka, yeye mwenye kununuaka chisense amekaa ku kiti.

«Ni kifua,» akasema.

«Nini?»

«Kitendawili yako. Nyumba bila dirisha. Ni kifua.»

«Ee, mukwai. Ulitumia siku mingi.»

Bana Vanessa akafungua kifundo cha chitenge, akamupitisha mutoto polepole, mpaka ile joto ndogo ikalala juu ya kifua cha Mama Kapinga, uzito wake sawa mukate. Mutoto akatafuta na kinywa, hakupata, akaguna, akalala. Ile kuguna ilikuwa nzuri kuliko ya wageni bote.

Mama Kapinga akavuta ile kofia ndogo, akafunika masikio ya mutoto. Lakini alikuwa paka yeye, yule yule wa zamani.

«Nyumba yenu iko na baridi,» akasema.

«Basi umufunike,» Bana Vanessa akajibu.

Mama Kapinga akatosha mu pochi kile kitambaa nyeupe chenye bata ku pindo. Bana Vanessa akanyoosha mukono kwanza, akakichukua. Akanusa pembe moja. Akanusa ya pili. Akanusa ya tatu, akafunga macho, akarudia.

«Ulikifula mara ngapi?»

«Usinizarau, mama wa muchanga.»

Bana Vanessa akanusa pembe ya ine. Kisha akakitandika juu yao wawili, mutoto na mama ya baba yake, na akaenda inje kugeuza samaki.